Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam na Mzee kutoka Lupembe

Ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, yafaa utenge asubuhi moja kwa ajili ya kuitembelea Bustani ya Mimea iliyo katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Samora na jirani na Makumbusho ya Taifa. Wapita njia wengi huipita kila siku bila kuitazama. Wengine hukaa humo mchana wakisubiri jua lipungue, na jamaa huja na watoto siku za mapumziko ili wapige picha, wale vitafunio na kuwaangalia tausi. Ni wachache wanaofahamu kwamba bustani hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 130, na kwamba hapo awali haikupandwa kwa ajili ya mapumziko. Ilikuwa maabara ya wazi, na matokeo ya kazi iliyoanzia humo na katika bustani nyingine za aina hiyo yamebadilisha mashamba ya nchi yetu hadi vijijini kabisa.

Mwandishi wa makala haya aliitembelea bustani hiyo Jumamosi moja ya mwezi Desemba akiwa na watoto wake wawili, binti aliye kidato cha pili na mdogo wake wa miaka minane, pamoja na baba yake mzazi aliyetoka Lupembe, wilayani Njombe. Mzee alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho. Lenzi za macho yake zilikuwa zimeingia ukungu kwa uzee, maradhi ambayo watu huyaita mtoto wa jicho, na madaktari walikuwa wameitoa lenzi moja na kuweka nyingine ya bandia mahali pake. Kwa miaka mingi hakuwa ameona vizuri kitu kilichokuwa mbali kuliko mkono wake. Kwa hiyo tuliona kwamba si vibaya, kabla hajarudi nyumbani, apelekwe mahali penye vitu vya kutazama. Watoto walitaka kumwonyesha bahari. Yeye alitaka kuona miti.

Kutoka milimani hadi pwani

Mtu atokaye Lupembe kwenda Dar es Salaam hupita Njombe, halafu Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea inaungana na barabara kuu na ambapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Tangu hapo husafiri kwa basi akipita Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro. Katika safari hiyo hushuka zaidi ya mita 1,500 hata kufika usawa wa bahari.

Wanafunzi wa jiografia wanajua maana ya jambo hilo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na hupata joto kwa kiasi hicho hicho kwa kila mita 1,000 za kushuka. Basi msafiri wa Lupembe aliyeondoka nyumbani alfajiri akiwa amevaa sweta huvuka tofauti ya nyuzi 10 au zaidi katika siku moja. Mmea hauwezi kuvua sweta. Kwa sababu hiyo chai inayostawi Lupembe haistawi Dar es Salaam, na mnazi wa Dar es Salaam hauwezi kuzaa Lupembe. Mtu anayetaka kujua ni mmea gani unafaa mahali gani hana budi kuupanda na kungoja. Hiyo ndiyo kazi ya bustani ya majaribio, na ndiyo asili ya bustani tuliyokuja kuitazama.

Bustani ilivyoanza

Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Mwaka huo huo bustani ya mimea ya Berlin ilifungua kituo maalumu cha kukusanya mbegu na miche ya biashara na kuisambaza katika makoloni. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1893, bustani ya majaribio ilianzishwa Dar es Salaam chini ya Profesa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya wanyama ambaye hapo kabla alikuwa amesafiri hadi maziwa makuu pamoja na Emin Pasha. Mwaka 1902 taasisi kubwa zaidi ya utafiti wa kilimo na mimea ilifunguliwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na Stuhlmann ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza.

Shabaha ya bustani hizo ilikuwa wazi. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni mazao gani ya nchi nyingine za joto yangeweza kuota hapa na kuleta faida huko Ulaya. Lakini tusidhani kwamba jambo la kisayansi hupungukiwa ukweli kwa sababu aliyelianzisha alikuwa na tamaa. Tuchukue mfano wa mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilisafirishwa kwa kupitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche 62 likatokea zao ambalo kwa miongo mingi lilikuwa nguzo ya uchumi wa Tanganyika.

Mfano wa pili unamhusu mzee wetu moja kwa moja. Chai ilipandwa kwa majaribio Amani mwaka 1902, na mwaka 1904 ikapandwa Kyimbila, wilayani Rungwe. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926, na baadaye kikafika Lupembe. Mzee amechuma chai maisha yake yote. Nilipomweleza kwamba majani mawili na chipukizi lake, anavyovichuma kila msimu, vina historia iliyoanzia katika vitalu vya watu waliokuwa wakijaribu tu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe na wao walikuwa hawajui. Walikuwa wakipapasa kama mimi kabla ya jicho hili."

Naam, kupapasa kwa utaratibu na kuandika kila ulichokigusa ndiko kunakoitwa utafiti.

Miti inayostahili kutazamwa

Bustani iliyopo leo ni sehemu tu ya ile ya zamani. Mji ulipokua, majengo na barabara viliimega. Hata hivyo iliyobaki ina mambo mengi ya kumfundisha mwenye macho.

Tulipoingia, mikrismasi ilikuwa imechanua maua mekundu, kama ilivyo desturi yake mwezi huo. Watu wengi hudhani mti huu ni wa kwetu tangu mwanzo, kwa jinsi ulivyoenea mijini na katika viwanja vya shule. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Mwarobaini nao, ambao jina lake la Kiswahili linasifu uwezo wake wa kutibu maradhi arobaini, ulitoka Bara Hindi. Lugha yetu imeipokea miti hii kwa ukarimu, ikaipa majina, na sasa hakuna anayeiuliza pasipoti.

Kisha watoto walisimama mbele ya saikadi. Kwa mtu asiyejua, saikadi hufanana na mchikichi mfupi, lakini haina undugu na michikichi hata kidogo. Haitoi maua, hutoa koni, kama misindano ya kule Njombe. Jamii ya saikadi ilikuwapo duniani zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mijusi mikubwa ambayo mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, iliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na wakati huo saikadi zilikuwa tayari zimezeeka katika historia ya dunia.

Saikadi zina jinsia: mti mmoja huwa dume, mwingine jike. Jambo hili si la kuchekesha tu. Mwaka 1895 aina moja ya saikadi iligunduliwa katika msitu wa Ngoye, huko Natal, Afrika Kusini. Lilipatikana kundi moja tu la mashina, yote dume. Watu wametafuta jike tangu wakati huo na hawajalipata. Miti yote ya aina hiyo iliyo hai leo imetokana na vichipukizi vya dume lile, nayo huishi katika bustani za mimea, bila uwezo wa kuzaa mbegu. Binti yangu aliposikia hayo aliuliza, "Sasa bustani imeiokoa au imeifunga?" Swali hilo nawaachia walimu walijadili na wanafunzi wao, kwani majibu yote mawili yana hoja.

Bustani hii yajulikana pia kwa mnazi wa Ushelisheli, ambao nje ya visiwa vya asili yake huonekana mahali pachache tu duniani. Mbegu yake ndiyo kubwa na nzito kuliko mbegu zote za mimea. Moja yaweza kufikia uzito wa kilo 18 au zaidi. Tunda lake huchukua miaka sita au saba kukomaa. Kwa muda wa tunda moja kukomaa, mtoto anayeanza darasa la kwanza huwa amemaliza shule ya msingi. Mnazi huu nao una dume na jike, kila mmoja kwa mti wake.

Tausi mmoja alipita akiburuta mkia wake majanini, na hapo somo la elimumimea likasimama kwa muda, kwa maana mdogo alikuwa amekwisha kumkimbilia.

Kivuli si kukosa jua tu

Jua lilipokuwa kali tuliketi chini ya mti mkubwa. Mzee alisema jambo ambalo kila mtu hulihisi: kivuli cha mti ni kizuri kuliko kivuli cha bati. Je, ni kweli, au ni mazoea tu ya mtu wa shamba?

Ni kweli, na sababu yake yaweza kuhesabiwa. Bati huzuia mwanga wa jua, lakini lenyewe hupata moto na kuutupa chini juu ya vichwa vya walioketi. Jani huzuia mwanga vilevile, lakini lina vinyweleo vidogo sana ambavyo kwavyo hutoa mvuke wa maji. Maji yanapogeuka kuwa mvuke hayana budi kuchukua joto mahali fulani, nayo huchukua katika jani na hewa iliyo karibu. Kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke katika joto la kawaida huchukua nishati ipatayo jouli milioni 2.4.

Tuseme mti mkubwa wenye maji ya kutosha ardhini unavukiza lita 100 kwa siku. Kiasi hicho ni cha kawaida kwa mti wa namna hiyo. Basi huchukua jouli milioni 240. Birika la umeme la kilowati 2 hutumia jouli 2,000 kwa kila sekunde. Gawanya milioni 240 kwa 2,000, utapata sekunde 120,000, yaani zaidi ya saa 33. Kwa hiyo mti huo mmoja, katika siku moja, huondoa joto sawa na lile ambalo birika lingetoa likiwashwa mfululizo kwa siku moja na saa tisa. Mti haudai malipo ya umeme, lakini wadai maji. Jambo hilo tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya bustani katika jiji. Lami, saruji na bati hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, na kwa hiyo katikati ya miji mikubwa huwa na joto kuliko mashamba yaliyo pembeni. Kila mti unaokatwa mjini ili kupisha jengo ni mashine ya kupooza hewa iliyozimwa, na nyingine ya umeme hununuliwa mahali pake, ambayo hupooza chumba na kutupa joto nje barabarani. Wajerumani walioupanga mji huu waliiita barabara yake kuu Chini ya Miakasia, kwa lugha yao. Miti iliyotoa jina hilo haipo tena, na barabara yenyewe ndiyo hiyo ya Samora tuliyoivuka tukiwa tumejifunika vichwa.

Swali la mzee

Baada ya kupumzika, mzee alizunguka bustani yote polepole. Alishika magome, alinusa majani, alitazama mahali penye kibao na mahali pasipo na kibao. Kisha akarudi na kuuliza, "Mwanangu, nimeona mti wa Madagaska, wa Hindi, wa Ushelisheli. Mti wa kwetu u wapi?"

Nilimjibu kwamba bustani hii ilianzishwa ili kuijaribu mimea ya kigeni, na kwamba miti ya milimani haiwezi kustahimili joto la pwani. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini halikutosha, nami nilijua hivyo, kwa sababu mti wa kwetu nilikwisha kuuona, na nilikuwa nimeuona mbali sana.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, siku moja nilifungua jalada katika hifadhi ya mimea mikavu. Hifadhi ya namna hiyo ni kama maktaba, isipokuwa badala ya vitabu huwekwa karatasi ngumu zilizobandikwa mmea uliokaushwa, na pembeni kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe na jina la mkusanyaji. Kibandiko nilichokisoma kiliandikwa Lupembe, mto Ruhuji wa juu, mwaka 1931. Mkusanyaji alikuwa Hans-Joachim Schlieben, Mjerumani aliyezunguka Tanganyika akikusanya mimea kati ya mwaka 1930 na 1935. Alikaa Lupembe kwa miezi kadhaa, na miongoni mwa mimea aliyoichuma huko ilikuwamo ambayo sayansi haikuwa imeiandika bado. Kwa hiyo jina la Lupembe, ambalo Watanzania wengi hawawezi kulionyesha katika ramani, linajulikana kwa wataalamu wa mimea Uingereza, Ubelgiji na Sweden. Wao hawajui chai yake wala ulanzi wake. Wanajua majani makavu.

Mmea mpya unapopewa jina, karatasi moja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina hilo, na mtu yeyote mwenye shaka hurudi kuitazama. Vielelezo vingi vya mimea ya Tanganyika viliwekwa Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliliteketeza jengo la hifadhi hiyo, na sehemu kubwa ya makusanyo yakaungua. Kilichookoa mengi ni desturi ya wakusanyaji ya kuchuma matawi kadhaa ya mmea mmoja na kuyagawa katika hifadhi mbalimbali. Iliyoungua Berlin ilikuwa na pacha wake London au Brussels. Lakini pacha wake hakuwa Lupembe.

Nilimweleza mzee hayo yote. Aliuliza iwapo karatasi ile ilikuwa na jina la mmea kwa Kibena. Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi alimchukua mtoto bila kuuliza anaitwaje."

Maji ya kinyungu

Tulipokuwa tukijitayarisha kuondoka, binti alitaka kuokota mbegu ili babu akaipande nyumbani. Nilitazamia mzee angefurahi. Yeye aliuliza kwanza: "Mti huu hunywa maji kiasi gani?"

Swali hilo lina historia. Watu wa Njombe na Iringa tangu zamani hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambazo hupata unyevu wa ardhini wakati wa kiangazi, mazao ya mlimani yanapokuwa yamekauka. Kinyungu cha mzee kilikuwa kando ya kijito. Miaka ilipopita, ukingo wa kijito ukapandwa milingoti, miti iliyoletwa kutoka Australia, kwa kuwa hukua upesi na nguzo zake zina soko. Kwa muda wa miaka michache maji ya kiangazi yalipungua, hata kinyungu kikawa cha msimu wa mvua tu. Yawezekana kwamba kupungua kwa mvua nako kulichangia. Mtafiti hapaswi kumhukumu mshtakiwa mmoja kabla ya kuwasikiliza wote. Lakini hesabu ya lita 100 tuliyoifanya chini ya kivuli ni hesabu ile ile. Mti unaokua upesi huvukiza maji mengi, na ukipandwa mahali ambapo mizizi yake yafikia maji mwaka mzima, hautapumzika hata wakati wa kiangazi.

Hii haina maana kwamba mti wa kigeni ni adui. Miwati, ambayo pia ni ya Australia, imewapa watu wa Njombe kazi na kuni tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa huko mwaka 1949, na magome yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Mlingoti uliopandwa mlimani, mbali na chemchemi, huezeka nyumba na kusomesha watoto. Kosa liko katika kuutoa mti mahali ulipojaribiwa na kuupanda mahali ambapo haukujaribiwa. Hata Amani walikosea. Mti mmoja wa Afrika ya kati walioupanda, ambao kwa bahati uliitwa kwa jina la Emin Pasha, Maesopsis eminii, ulitoroka katika mashamba ya majaribio na kuenea ndani ya msitu wa asili, hasa palipokatwa mbao, na hadi leo wahifadhi wanashughulika nao.

Kwa sababu kama hizo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Katika vijiji kadhaa vya Njombe wananchi wamekwisha kuanza kuing'oa milingoti mabondeni na kupanda mahali pake miti ya asili kama mivengi, ambayo tangu zamani huota majini bila kuyamaliza. Tena jambo hili si la kijiji pekee. Vijito vya Lupembe huingia mto Ruhuji, Ruhuji huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, ambako pamejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Taa iliyowaka katika chumba alimolala mzee mjini ina deni kidogo kwa kijito chake.

Mbegu tuliiacha pale ilipokuwa.

Yanayoweza kufanywa na shule

Si kila shule yaweza kuwaleta wanafunzi wake Dar es Salaam. Lakini kila shule yaweza kuanzisha bustani yake ya mimea na hifadhi yake ya mimea mikavu, bila kungoja fedha kutoka mahali popote. Napendekeza kazi tatu.

Kwanza, pimeni kivuli. Chukueni kipimajoto kimoja, mkitundike mita moja na nusu kutoka ardhini, kwanza chini ya mti, halafu chini ya paa la bati lisilo na dari, halafu mahali pa wazi mkiwa mmekikinga kisipigwe na jua moja kwa moja. Ngojeni dakika kumi kila mahali kabla ya kusoma. Andikeni vipimo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, kwa siku kumi, kisha mchore grafu.

Pili, pimeni urefu wa mti bila kuupanda. Simamisheni fimbo ya mita 1 na kupima kivuli chake, halafu mpime kivuli cha mti wakati huo huo. Ikiwa kivuli cha fimbo ni mita 0.6 na kivuli cha mti ni mita 9, urefu wa mti ni 9 kugawanya kwa 0.6, yaani mita 15. Mkirudia kila mwaka mtajua mti unakua kwa kasi gani, na darasa linalokuja litawashukuru.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, kausheni mimea. Chumeni tawi lenye majani na maua au matunda, la mmea ulio mwingi mahali hapo. Liwekeni baina ya magazeti, mlikandamize kwa mbao na mawe mazito, na mbadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Libandikeni juu ya karatasi ngumu. Katika kibandiko andikeni mahali, tarehe, aina ya udongo, umbali kutoka kwenye maji na majina ya waliolichuma. Andikeni pia jina la mmea kwa lugha ya wazee wa hapo, pamoja na matumizi wanayoyajua. Kama jina la kisayansi hamlijui, acheni nafasi, mtaalamu ataijaza. Jina la wazee, wakiisha kuondoka, hakuna mtaalamu atakayeweza kulijaza.

Chumeni matawi mawili ya kila mmea. Moja libaki shuleni, na la pili lipelekwe katika hifadhi ya mimea ya chuo kikuu. Moto wa Berlin umetufundisha kwamba kielelezo kisicho na pacha ni kielelezo cha bahati.

Tulimaliza siku ile kwa kuingia Makumbusho ya Taifa, ambako watoto walitaka kusikia habari za Zinjanthropus, yule wa kale ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na ambaye umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Mzee alisikiliza kwa makini. Alipoambiwa kwamba fuvu lilipelekwa nje kuchunguzwa na baadaye likarudishwa Tanzania, aliligeuza jicho lake jipya kunitazama, lakini hakusema neno.

Juma lililofuata alirudi Lupembe. Baada ya mwezi mmoja nilipokea bahasha iliyoletwa na abiria wa basi. Ndani yake mlikuwa na gazeti lililokunjwa, na katikati ya gazeti tawi moja kavu lenye majani sita, limebanwa vizuri. Kando yake, kwa mwandiko wa mjukuu mmoja aliye shule ya sekondari huko, yaliandikwa mahali, tarehe, jina la mmea kwa Kibena, na maneno haya: hatua kumi na mbili kutoka kwenye maji. Chini kabisa mzee mwenyewe alikuwa ametia sahihi, kama mkusanyaji.